Lori la mafuta likianguka, mtoto wako atakimbilia wapi?

Lori la mafuta likianguka karibu na makazi, sauti za kwanza kusikika huwa za watu wanaoitana na za madumu na ndoo. King'ora cha Zimamoto huja baadaye. Watoto nao hufuata umati, wengine wametumwa na wakubwa, wengine wanakwenda kutazama tu.

Agosti 10, 2019, hali hiyo ilitokea Msamvu, mjini Morogoro. Lori la petroli lilipinduka, watu wakajaa kuchota, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, baadhi papo hapo na wengine hospitalini katika siku zilizofuata. Januari 31, 2009, zaidi ya watu 100 walikufa kwa namna hiyohiyo Sachang'wan, nchini Kenya.

Julai 2, 2010, ikawa zamu ya Sange, Kivu Kusini, nchini Congo. Huko walikufa zaidi ya watu 200, na miongoni mwao wapo waliokuwa wamekaa kwenye banda wakiangalia mechi ya Kombe la Dunia. Hawakushika dumu wala kopo.

Tukio la Sange ndilo mzazi anapaswa kulikumbuka. Wazazi wengi humwambia mtoto asichote mafuta. Wachache humwambia asiende kabisa.

Kwa nini kutazama nako ni hatari

Petroli haisubiri joto ili itoe mvuke. Hutoa mvuke hata kwenye baridi, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, bali hutambaa chini, ukaingia mitaroni, chini ya milango na ndani ya vibanda. Hauonekani kwa urahisi, na pua ikiuzoea mtu hudhani umeisha.

Ukikutana na jiko la mkaa, sigara, pikipiki inayowashwa au cheche ya betri, moto hufuata njia ya mvuke mpaka kwenye lori ndani ya sekunde chache. Aliyesimama katikati huungua hata kama hakuwa na shida na mafuta.

Mtoto yuko kwenye hatari zaidi. Ngozi yake ni nyembamba, hivyo huungua kwa kina, na mwili wake hupoteza maji haraka.

Sheria ipo, lakini dakika za kwanza ni za familia

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ipo pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Biashara ya mafuta iko chini ya EWURA.

Sheria hizi zinamhusu zaidi mwenye mzigo na msafirishaji. Katika dakika za kwanza baada ya ajali, kabla askari hawajafika na kuweka uzio, waliopo ni wananchi wenyewe. Hapo kinachomwokoa mtoto ni kile alichokwishaambiwa nyumbani.

Ni kweli kishawishi ni kikubwa. Dumu la lita 20 la petroli ni zaidi ya Sh50,000, na kwa familia nyingi hiyo ni fedha ya matumizi ya siku kadhaa. Ndiyo maana mazungumzo haya yanatakiwa kufanyika kabla ya ajali, watu wakiwa wametulia, na wakubwa waanze kwa kukubaliana wao kwanza.

Mambo ya kumfundisha mtoto

Ukiona lori la mafuta au la kemikali limeanguka, geuka. Nenda mbali, upande ambao upepo unatoka, wala usishuke bondeni au mtaroni. Mwongozo wa dharura unaotumiwa na vikosi vya uokoaji vya Marekani na Canada unataka watu walio upande unakoelekea upepo waondolewe hadi umbali wa mita 300 petroli nyingi inapomwagika, na mita 800 pande zote lori likishika moto. Mita 300 ni kama viwanja vitatu vya mpira kwa urefu.

Mwite mtu mzima apige 114, namba ya Zimamoto. Simu ipigwe ukiwa mbali.

Mfundishe pia kibao cha rangi ya chungwa kinachowekwa kwenye malori ya mizigo hatari. Namba nne za chini hutaja mzigo: 1203 ni petroli, 1202 dizeli, 1223 mafuta ya taa, 1830 asidi ya salfa. Anayepiga simu akiweza kuisoma kutoka mbali, aitaje. Asisogee ili aisome.

Wanaoishi kando ya barabara za ndani wakizima majiko na kuondoka mapema, watakuwa wamewasaidia pia majirani.

Na yale ya nyumbani

Hatari hiyohiyo hukaa jikoni na stoo, kwa kipimo kidogo. Mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda au ya maji, kwa mtoto wa miaka miwili ni kinywaji. Yabaki kwenye chombo chake, kifuniko kimekazwa, juu asipofika. Petroli ya bodaboda au jenereta isilale ndani ya nyumba.

Ikimwagika ndani, watoe watoto kwanza. Fungua madirisha, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kibiriti. Mwagia mchanga, uzoe kwa koleo, uupeleke nje mbali na moto. Usisukumie kwenye mtaro.

Ajali ikishatokea

Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe na usimpe maziwa. Akitapika, mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoleta madhara makubwa zaidi. Mpeleke hospitali hata kama anacheza, kwa sababu kikohozi na kupumua kwa shida vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Nenda na chupa aliyonywea.

Akimwagikiwa na petroli, mweke mbali na moto, mvue nguo, mwoshe kwa maji na sabuni. Ikiingia machoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

Nguo zikishika moto, asikimbie. Alale chini na kubingirika. Palipoungua pamwagiwe maji ya kawaida ya bomba kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali, mafuta na yai havifai, maana huficha jeraha na kuongeza uwezekano wa maambukizi. Funika kwa kitambaa safi, mpe joto sehemu nyingine za mwili, muwahi kituo cha afya.

Leo jioni, kabla ya kulala, muulize mtoto swali moja: lori la mafuta likianguka pale barabarani, utakwenda wapi? Jibu lake likianza na "nitakwenda kuona", mazungumzo yaanzie hapo.