Mwacheni Bibi Abonyeze Mwenyewe

Masako Wakamiya alikuwa mfanyakazi wa benki nchini Japani. Alinunua kompyuta alipokaribia kustaafu, ikamsaidia kuzungumza na watu huku akimuuguza mama yake nyumbani. Miaka ikapita, akachoshwa na michezo ya simu ambamo vijana humshinda mzee kwa wepesi wa vidole tu. Akamwomba kijana fundi wa programu atengeneze mchezo wa wazee. Kijana akamwambia atengeneze mwenyewe, kisha akamfundisha kwa mbali. Mwaka 2017, akiwa na miaka 81, bibi akatoa Hinadan: mchezo wa kupanga wanasesere 12 kwenye ngazi, kama wafanyavyo Wajapani katika sikukuu ya wasichana ya Machi 3. Mwaka huohuo Apple ikamwalika California.

Wengi huisimulia habari hii kama muujiza wa ajuza. Cha kutazama hasa ni mchezo wenyewe: mchezaji hakimbizwi na saa, wala hahitaji kutelezesha kidole juu ya kioo. Anagusa, basi.

Saa ndiyo inayowaangusha wazee wengi wa huku kwetu. Menyu za nyota na reli za kutuma na kutoa pesa kwa simu hukatika zenyewe mtu akichelewa kujibu. Mzee anatafuta miwani, anasoma “weka namba ya siri”, anabonyeza tarakimu mbili, anasita, menyu imeshatoweka. Aanze upya, na foleni kwa wakala imeanza kuguna.

Hapo mjukuu hujitokeza: “Lete babu, nikufanyie.” Nia ni njema kabisa. Simu inachukuliwa, namba ya siri inatajwa mbele za watu, na babu anarudi nyumbani akiwa hajui hata hatua ya kwanza. Siku utakapoingia ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”, atautambuaje kuwa ni wa matapeli, naye muamala hajawahi kuufanya kwa mkono wake?

Na fedha ni zake. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni jamii wakazi waliotimiza miaka 70. Kenya nayo ina mpango wake, Inua Jamii. Ni ajabu haki ya mtu mzima kutegemea kama mjukuu yupo nyumbani au ameenda shule.

Kampuni za simu zirefushe muda wa menyu zao; hilo ni suala la mipangilio ya mitambo. Mjukuu naye aketi kando, mikono aiweke nyuma, amwache babu akosee na kujaribu tena.