Mahindi Yapimwe Mlangoni, Si Ghalani

Kufikia tarehe 20 Julai mwaka 2004, watu 317 walikuwa wameugua na 125 miongoni mwao wamekufa katika maeneo ya mashariki na kati ya Kenya, wengi wao wakiwa wakazi wa wilaya za wakati huo za Makueni na Kitui. Hawakuuawa na njaa, ingawa njaa ilikuwa ikibisha hodi. Waliuawa na chakula. Mahindi yaliyovunwa mwezi Februari, mvua isiyo ya msimu wake ikinyesha, yaliwekwa ndani yangali na unyevu, yakaota ukungu, na ukungu ule ukazaa aflatoksini, sumu ambayo jirani zetu wa Tanzania wameipa jina zuri la sumukuvu. Walioila waliharibika maini. Macho yakageuka manjano, na katika kila wagonjwa watano wawili wakazikwa. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos ambayo siku hizo ilijumuisha Makueni, watu 20 walilazwa hospitalini kwa ugonjwa huohuo na 12 wakafariki.

Nayarudia hayo kwa sababu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halihusiani nayo hata kidogo, yaani programu za kompyuta za kusimamia maghala. Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala mwaka 2019, mkulima wa Kenya anaweza kuweka nafaka yake katika ghala lenye leseni, akapewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo akaiuza au akaiweka rehani benki. Tanzania ilitangulia kwa sheria yake ya mwaka 2005, na wakulima wa korosho wa Mtwara wanaijua faida yake pamoja na karaha zake. Ghala linalotoa hati yenye thamani ya fedha haliwezi kuendeshwa kwa daftari la karani peke yake. Kompyuta itaingia, na katika maghala mengi imekwisha kuingia. Swali ninalouliza ni moja: je, kompyuta hiyo imefundishwa kwamba kati ya mlango na rundo la magunia kuna mahali pa kungojea?

Msomaji atastahimili maelezo mafupi ya ufundi. Kabla programu ya namna hii haijapokea gunia la kwanza, mtu hukaa chini akaichorea ghala lenyewe kwa maneno. Huitajia milango, kila mmoja kwa nambari yake, na kuiambia upi ni wa kuingizia na upi wa kutolea. Huitajia viwanja vya mapokezi, yaani sehemu ambazo mzigo ulioshushwa hukaa kabla ya kupelekwa mahali pake, na kila kiwanja hupewa kiasi kinachoweza kukaa humo. Kisha huunganisha hivi na vile: mlango huu hulisha kiwanja hiki, mahindi hupitia hapa na ndengu pale. Mwisho hutaja hatua, yaani kushusha, kuhesabu, kukagua na kupanga. Hatua ya ukaguzi ikiachwa, au isipofungwa kwenye kiwanja cha mapokezi, programu haitanung'unika. Itawaamuru wachukuzi watoe gunia kwenye lori na kulipeleka moja kwa moja kwenye chaga, miongoni mwa magunia yaliyokwisha kukubaliwa.

Kazi yangu ni lugha, si kompyuta, na ndiyo sababu jambo hili linanishughulisha. Mwalimu yeyote wa Kiswahili anazijua ngeli za mahali. Mlangoni pana lori, uwanjani kuna magunia, ghalani mna mahindi. Wazee wetu wa lugha hawakutosheka na mahali pamoja: walitenga palipo dhahiri, kulipo wazi, na mlimo ndani. Atakayesanidi programu ya ghala hana budi kuzitenga hizo tatu, na aghalabu ile ya katikati ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa haina ukuta wala kufuli. Vivyo hivyo vitenzi. Mahindi yamefika, yamepokewa, yamekubaliwa: hayo ni mambo matatu, na kati ya la pili na la tatu ndipo ulipo uhai wa mtu. Lakini mara nyingi kwenye kioo cha kompyuta yote matatu huwakilishwa na kitufe kimoja cha Kiingereza, ambacho karani hukitafsiri moyoni mwake kuwa "pokea", akakibonyeza, na mzigo ukahesabiwa kuwa mali ya ghala. Karani hakukosea Kiingereza. Aliyekosea ni yule aliyeona kitufe kimoja kinatosha.

Hicho kiwanja cha katikati hakina neno moja tulilokubaliana. Mimi nitakiita daka. Katika nyumba za kale za mawe za Lamu, daka ni kile kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe, ambapo mgeni hukaa kabla ya kujulikana kama ataingia ndani. Ukambani nako palikuwa na thome, uwanja ulio nje ya lango la boma walipokaa wazee kando ya moto, na mgeni hakupita pale bila kuonekana. Basi wazo si geni kwetu. Geni ni kulitia katika mashine.

Najua nitapingwa kwamba wale wa mwaka 2004 hawakula mahindi ya maghala makubwa; walikula ya kwao, yaliyohifadhiwa vyumbani mwao. Ni kweli, lakini si kweli yote. Wachunguzi walipokusanya sampuli 350 za mahindi na unga kutoka kwa wachuuzi wa masoko ya eneo hilo, asilimia 55 zilizidi kipimo cha sehemu 20 kwa kila bilioni moja kilichoruhusiwa wakati huo. Asilimia 35 zilizidi 100, na asilimia 7 zilizidi 1,000. Mahindi ya shambani yalikuwa yameingia sokoni. Mwenye kuvuna alimwuzia mchuuzi, mchuuzi akachanganya na ya jirani, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema punje hii ilitoka kwa nani.

Hapa ndipo ninapotaka mwanafunzi anayesoma safu hii atue. Daka ndiyo mahali pa mwisho ambapo gunia lina mwenyewe. Likishapita, limekuwa mahindi tu. Na sumu hii haisambai sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Magunia kumi yanaweza kuwa safi na la kumi na moja likawa na mauti, hata ndani ya gunia moja punje chache zikabeba sumu yote. Ndiyo maana mkaguzi hulitoboa gunia kwa bambo mahali pengi, akachanganya alichokitoa na kupima. Unyevu usizidi asilimia 13.5; aflatoksini, kwa kiwango cha sasa cha Afrika Mashariki, isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Vipo vipimo vya haraka vinavyotoa jibu kwa muda wa dakika, si siku. Kwa hiyo hatuzungumzii kumkesha mkulima mlangoni. Tunazungumzia subira ya kunywa kikombe cha chai, ila subira hiyo lazima iwe na mahali, na mahali hapo pawe na jina ndani ya programu.

Nina hofu ya namna mbili zaidi. Ya kwanza ni udogo wa daka. Chukua lori la tani 10: hilo ni magunia 200 ya kilo 50. Yakija matatu asubuhi moja, ni magunia 600. Ikiwa aliyesanidi programu alikadiria magunia 200, basi lori la pili litakapofika kompyuta itasema pamejaa na kukataa kuendelea. Karani, ambaye dereva anampigia honi na msimamizi anamkemea kwa simu, atafanya nini? Ataiambia mashine kwamba yale ya kwanza yamekwisha kaguliwa. Tumezoea kumlaumu mtu kama huyu kwa uongo, ilhali uongo huo uliandikwa siku kiwanja kilipopimwa. Na tusisahau paa. Mavuno ya mvua za vuli, zile ambazo mkulima wa Kitui na Makueni anazitegemea hasa, hufika ghalani karibu na kuanza kwa mvua za masika. Daka lisilo na paa wala chaga za mbao litayalowesha mahindi yaliyokuja yakiwa makavu, nasi tutakuwa tumezaa maradhi kwa mikono ya ukaguzi.

Hofu ya pili ni ya punda. Programu nyingi za namna hii zimebuniwa kwa nchi ambazo mzigo huja kwa lori, kutoka kwa muuzaji mmoja, na karatasi moja. Huku mkulima huleta magunia mawili juu ya punda au moja nyuma ya bodaboda. Asubuhi moja watafika wakulima arobaini, kila mmoja na shamba lake, mvua yake na ghala lake la nyumbani. Programu iliyosanidiwa kwa lori itawakusanya wote katika mlango nambari moja na kuwapa nambari moja ya shehena. Kuwapima kwa bambo moja ni kumwadhibu aliyekausha vizuri kwa uzembe wa jirani, au, vibaya zaidi, kumficha aliye na sumu nyuma ya wema wa wenzake. Kila mkulima apewe nambari yake mlangoni, na nambari hiyo isiunganishwe na nyingine mpaka jibu la kipimo litoke. Hilo si jambo gumu kwa mashine. Ni mstari mmoja wa usanidi, lakini lazima awepo mtu anayejua kwamba Mutomo si bandari ya Rotterdam.

Walimu nao wasidhani kwamba hili ni la mabwana wa maghala. Shule nyingi za bweni hununua mahindi kwa mafungu, na ziko ambazo wazazi huleta magunia badala ya karo. Stoo ya shule ina mlango mmoja. Gunia huingia, likamwagwa juu ya mengine, na muthokoi ukapikwa kwa watoto mia kadhaa. Hakuna kompyuta pale, lakini ramani ni ileile, na daka la shule linaweza kuwa turubai chini ya kibaraza, kalamu ya kuandika jina la aliyeleta, na kipima unyevu cha kuazimana kati ya shule tatu.

Mwezi Novemba mwaka 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini, na Machi 2021 serikali ikazuia kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyohiyo, kabla ya kuyaruhusu kwa masharti. Mara zote mbili sumu ilishikwa kwenye lango la mwisho, dukani au mpakani, baada ya kupita milango mingine mingi iliyokuwa wazi.

Limebaki neno ambalo wasanidi hawapendi kulisikia. Kila daka lahitaji milango miwili: wa kuingilia ndani, na wa kurudi nje. Gunia likishindwa kipimo, programu nzuri italizuia lisiende kwenye chaga, vizuri. Lakini litakwenda wapi? Mkulima aliyelibeba kilomita kumi atarudi nalo nyumbani, naye huko atalila au ataliuza Jumamosi sokoni kwa bei ya kutupa, na mnunuzi atakuwa maskini kuliko yeye. Mwaka 2004 serikali iligawa chakula cha badala katika sehemu zilizoathirika, maana ilitambua kwamba huwezi kumnyang'anya mwenye njaa sahani bila kumpa nyingine. Ghala la leo halina fungu la fedha la kazi hiyo, na Sheria ya mwaka 2019 ilimwazia mkulima mwenye mahindi mazuri. Kaunti za Kitui na Makueni zina bajeti zao na mabunge yao. Nangojea kuona ni ipi itakayoandika, karibu na ule mlango wa nje, nani atakayelilipia gunia lililokataliwa na litachomwa wapi.