Butembo na Beni: Resho mpya haipunguzi umeme

Katika miji ya Butembo na Beni, familia zilizopata umeme zinasikia neno moja sokoni: resho ya zamani inakula kuran, nunua mpya. Neno hilo linamfaa muuzaji. Halimfai mama anayelipa umeme kwa pesa za kuhesabu.

Resho ya zamani ama mpya, kazi yake ni moja: kugeuza kuran kuwa moto. Karibu kuran yote inayoingia inakuwa moto, hata resho ikiwa na miaka kumi. Ya wati 1,000 ikiwaka saa 3 inakula uniti 3; ya wati 2,000 ikiwaka saa 1 na nusu inakula zile zile 3. Neno "ekonomiki" kwenye katoni halibadili hesabu hiyo. Resho inastahili kutupwa kama waya unaungua, kama plagi inayeyuka, ama kama imepinda hata sufuria haikai sawa. Hapo mtu anakimbia hatari ya kuchoma nyumba.

Umeme unapotea hasa katika namna ya kupika. Butembo iko karibu mita 1,750 juu ya bahari, na huko maji yanachemka kwenye digrii 94 hivi, si 100. Beni, iliyo chini zaidi, ni karibu 96. Ndiyo maana maharagi ya Butembo yanakawia kuiva, resho inawaka tangu asubuhi, na mara nyingi sufuria haina kifuniko. Tena maji yakishachemka, kuongeza moto hakuongezi joto lake, kunaongeza mvuke tu.

Sufuria ya umeme ya presha inaondoa shida hiyo. Ndani yake joto linapita digrii 110, maharagi yanaiva upesi, nayo inajikatia kuran joto likitosha. Kwa maharagi ya familia, mara nyingi haimalizi hata uniti 1. Mwenye pesa ya kubadili resho bora aweke pesa hiyo kwa sufuria ya namna hiyo. Asiye nayo aloweke maharagi usiku, afunike sufuria, apunguze moto yakianza kuchemka. Hayo hayalipiwi.

Hesabu hii inagusa pia miti. Mama akiona uniti zinaisha haraka, anarudi kwenye babula, na sehemu ya makala ya Kivu Kaskazini inatoka ndani ya hifadhi ya Virunga. Umeme wa Mutwanga na wa Luviro, unatoka kwa maji ya mito, wala haukati mti wa kupikia. Lakini sufuria ya presha ni ghali kwa familia nyingi, zisizoweza kutoa pesa yote siku moja. Kampuni zinazouza kuran Butembo na Beni zingeweza kuitoa kwa mkopo, mteja akilipa kidogo kidogo kila anaponunua uniti.