Bei ya msimamo: kisa cha Bildad Kaggia

Mwaka 1965, katika mkutano wa hadhara huko Kandara, Rais Jomo Kenyatta wa Kenya alimgeukia mbunge wa eneo hilo, Bildad Kaggia, akamuuliza mbele ya wapiga kura wake: umejifanyia nini? Akawataja wenzao waliohukumiwa pamoja Kapenguria mwaka 1953. Paul Ngei alikuwa na kahawa shambani, Fred Kubai alikuwa na nyumba kubwa. Kaggia alikuwa na nini cha kuonyesha?

Swali lile lilikusudiwa kumwaibisha, na bado linaulizwa kila msimu wa kampeni. Mwanasiasa asiyejitajirisha huonekana mzembe, na anayekataa kuinama kwa mkubwa huambiwa analinyima jimbo lake maendeleo.

Kosa la Kaggia lilikuwa ardhi. Tangu achaguliwe mwaka 1963 alishikilia kwamba si haki kwa watu walionyang'anywa ardhi na walowezi kuuziwa ardhi hiyohiyo kwa mikopo. Alitaka waliopigania uhuru na wasio na mashamba wapewe. Alikuwa naibu waziri wa elimu, na Kenyatta akamtaka achague: akubali sera ya serikali au aondoke. Mwaka 1964 akaondoka, akarudi kuketi na wabunge wa kawaida, akaendelea kusema yaleyale.

Mwaka 1966 mambo yakafika mwisho. Katika mkutano wa Limuru, chama tawala cha KANU kilimvua nguvu Jaramogi Oginga Odinga ndani ya chama. Mwezi uliofuata Jaramogi akajiuzulu umakamu wa rais, na kikundi cha wabunge kikamfuata kwenye chama kipya cha KPU, Kaggia akiwa miongoni mwao. Bunge likabadilisha Katiba harakaharaka ili kila aliyehama chama apoteze kiti chake na kurudi kwa wapiga kura. Ndio ulioitwa uchaguzi mkuu mdogo. Viti 29 viligombewa na KPU ikapata 9 tu. Serikali ilitumia nguvu zake zote dhidi ya chama hicho, na Kaggia akaangushwa Kandara, na watu walewale aliokuwa akiwadaia ardhi.

Hapo ndipo wapinzani wa hoja yangu, kwamba kiongozi mwenye msimamo anastahili heshima, hupata nguvu. Watasema mbunge ametumwa na watu, hakujituma. Akishikilia jambo ambalo jimbo limelikataa, anamwakilisha nani? Tena msimamo hauna thamani kwa sababu tu mwenye nao anauamini kwa moyo wote. Ni pingamizi la haki, na Tanzania imelilipia. Mwalimu Nyerere aliamini kwa dhati kwamba wakulima wangestawi wakiishi pamoja vijijini. Kati ya 1973 na 1976 serikali yake iliwahamisha mamilioni, wengi kwa nguvu, na zipo familia zilizobomolewa nyumba ili zisirudi zilikotoka. Sina shaka na unyofu wa Mwalimu. Lakini mwanakijiji aliyehamishwa hakuwa na mgombea mwingine wa urais wa kumchagua. Kwenye karatasi ya kura alipewa ndiyo au hapana, katika nchi ya chama kimoja.

Kwa hiyo unyofu peke yake hautoshi. Ninachokiheshimu kwa Kaggia ni kwamba aliuweka msimamo wake mahali ambapo watu wangeweza kuukataa, akakubali kulipa walipoukataa. Alisema wazi anachotaka na hakukibadilisha alipoona upepo umegeuka. Msimamo wa Nyerere kuhusu vijiji uliwagharimu wengine. Wa Kaggia ulimgharimu mwenyewe. Mbunge ametumwa, ndiyo, lakini mtu anayebadilika kila anapoonja hasira ya umati hawezi hata kuwasaidia wapiga kura kujua wanachokichagua.

Wala sitaki kumfanya malaika. Mwaka 1968 alifungwa kwa kuhutubia mkutano usio na kibali, na mwaka uliofuata akarudi KANU, kabla KPU haijapigwa marufuku. Baadaye alikubali kazi ya serikali. Alichoka, na anayemlaumu ajiulize angestahimili mangapi. Alifariki mwaka 2005 bila utajiri wa kutajwa. Hoja yake, hata hivyo, haikufa. Tume ya Ndung'u iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma iliwasilisha ripoti mwaka 2004, na Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Waliomshinda mwaka 1966 waliahirisha swali kwa zaidi ya miaka arobaini, na walioumia kwa kungoja ni maskwota.

Ile sheria ya kumrudisha anayehama kwa wapiga kura ilitungwa kwa nia mbaya, ila kanuni yake ni njema, na Katiba ya 2010 inayo. Tanzania nayo inayo, lakini kati ya 2017 na 2018 tuliona wabunge wa upinzani wakijiuzulu, wakajiunga na chama tawala, CCM, kwa maelezo kwamba wanaunga mkono juhudi za Rais, wakateuliwa upya kugombea viti vilevile. Walichokuwa wakikisema miaka miwili nyuma kilienda wapi? Sheria inaweza kumlazimisha mtu arudie uchaguzi. Haiwezi kumlazimisha aeleze kwa nini ameacha alichokiamini. Kazi hiyo ni yetu.

Kenya inaelekea uchaguzi wa Agosti 2027 na wagombea wameshaanza kuzunguka. Msomaji, mgombea atakapofika kwako, usimuulize amejifanyia nini. Muulize ni jambo gani aliwahi kulitetea likamnyima cheo au kura, na je, bado analitetea? Akikosa jibu, mnyime kura yako.