Wazee Wetu Wanasoma Hati Gani?

Tangu ripoti ya utafiti wa kitaifa wa kisomo cha watu wazima itoke mwaka 2007, kiwango cha kisomo cha asilimia 61.5 kimekuwa kikitajwa kila wanapokutana wakubwa wa elimu. Yaani karibu watu wazima wanne katika kila kumi nchini Kenya walikuwa hawajafikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika. Nairobi ilipita asilimia 80. Kaskazini Mashariki haikufika 10. Wengi wetu huzisoma namba hizo mbili kama hukumu: hawa wameamka, wale wamelala. Kwetu Mji wa Kale wa Mombasa, tuliolelewa vyuoni, inafaa tuulize swali jingine. Kaskazini Mashariki ni nchi ya vyuo vya Kurani, na watoto wengi huko huanzia ubaoni. Mtu aliyekhitimu juzuu thelathini, ukampa karatasi ya herufi za Kirumi akakutumbulia macho, ni mjinga wa kusoma au ni msomaji wa hati nyingine?

UNESCO ilipofasili kisomo mwaka 1958 ilisema ni kuweza kusoma kwa kuelewa, na kuandika, maelezo mafupi ya maisha ya kila siku. Hati haikutajwa. Kwa kipimo hicho Mombasa ilikuwa na wasomi wake zamani. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, aliandika Kiswahili kwa herufi hizo hizo, akijua kuna watu wa kuisoma. Wafanyabiashara waliandikiana waraka, ndoa ziliandikwa, wasia uliandikwa, na madeni ya nazi na samli yaliingia daftarini.

Basi nini kilitokea? Serikali ya kikoloni ilifanya kazi zake kwa herufi nyingine. Sheria ya hati za ardhi ya pwani ya mwaka 1908 ilimtaka mwenye shamba akadai haki yake mbele ya afisi iliyoandika kwa Kiingereza. Shule za serikali zilifuata, bandari ya Kilindini ikafuata, na kuanzia 1930 kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikasanifisha Kiswahili cha herufi za Kirumi. Katika umri wa mtu mmoja, bibi aliyekuwa akisoma, na yeye mwenyewe akiwaandikia jamaa zake Lamu, aligeuka hajui kusoma. Hakusahau hata herufi moja.

Lakini tusijipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Wengi waliokhitimu walisoma Kiarabu wasichokielewa, na kutamka si kusoma. Hati yenyewe ina shida zake: irabu za Kiarabu ni tatu, zetu tano, na herufi ya p haimo. Ukiandika kwa mtindo wa kale, “peta” na “pita” ni kitu kimoja, mpaka msomaji awe ameshajua habari inakwenda wapi. Marehemu Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa, alishughulika sana na marekebisho ya hati hiyo, na mwaka 1997 alichapisha mapendekezo yake pamoja na P. J. L. Frankl. Kazi nzuri, ila vyuo vyetu havikuifuata.

Tena tukisema wazee wa Mombasa tusiwaone wa mitaa ya Kuze na Kibokoni peke yao. Waliobeba magunia Kilindini, na kugoma Januari 1947 kwa ajili ya mishahara, wengi walitoka Umijikenda na bara. Wengi kati yao hawakuwahi kukaa chuoni wala shuleni. Sahihi yao ilikuwa dole gumba katika wino, kama kipande, kitambulisho cha mkoloni, kilivyowazoeza. Hao hawakunyang'anywa hati. Hawakupewa.

Kampeni zilipokuja hazikutofautisha wazee hawa. Mwishoni mwa 1978 Rais Moi alitangaza kwamba ujinga wa kusoma ufutwe katika miaka mitano. Mwaka uliofuata idara ya elimu ya watu wazima ikaundwa na madarasa ya ngumbaru yakajaa wanafunzi, wengi wao kina mama, kisha yakapukutika. Tanzania ilikaza zaidi: Nyerere aliufanya 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kiwango cha wasiojua kusoma kikashuka kutoka kama theluthi mbili mwaka 1967 hadi karibu asilimia 10 mwaka 1986. Kenya ikabaki na mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Alitupa fahari, na filamu. Walimu wa kisomo hakutupa.

Leo shida imehamia kwenye simu. Tazama barazani, pesa zinapoingia: simu inalia, mzee anampa mjukuu, mjukuu anasoma kwa sauti ni kiasi gani na zimetoka kwa nani, na majirani wote wanasikia. Namba ya siri mjukuu anaijua kwa moyo. Huyu mzee, baada ya magharibi, ataongoza uradi kitabu kikiwa wazi mbele yake.

Rai yetu katika toleo hili ni kwamba mtu kama huyu asianzishwe a, e, i, o, u pamoja na asiyewahi kushika kitabu. Macho yake yameshazoea kuunganisha herufi na sauti. Anahitaji daraja kutoka hati moja kwenda nyingine, nayo ni kazi ya miezi. Kwa bibi zetu, darsa za wanawake za alasiri zipo tayari, zina mikeka, zina mwalimu anayeheshimiwa na ratiba isiyogombana na jiko. Mwalimu wa kisomo akikubali kukaa hapo nusu saa baada ya dua, somo la kwanza liwe ujumbe wa pesa, usomwe kimya.