Klabu ilifungwa: mlango ulifunguliwa kwa nani?



Juzi dukani kwetu, mbele ya mizani, palizuka mazungumzo juu ya lile jumba la Shangani liitwalo Africa House. Kijana mmoja aliuliza kwa nini baadhi ya wazee wakilitaja husema "Klabu". Mzee aliyekuwa akingoja kupimiwa sukari akamjibu: "Kwa sababu tulikuwa hatuingii." Akachukua mzigo wake, akaenda zake. Jibu lile ni la haki, lakini twaona halikutimia, na ndiyo sababu tumeshika kalamu.

Klabu ya Waingereza iliasisiwa mwaka 1888. Himaya ya Uingereza juu ya Zanzibar ilitangazwa mwaka 1890. Twaomba msomaji azipime tarehe hizo mbili. Bendera ilikuwa haijatufikia, lakini viti vya kupumzikia vilikwisha kupangwa! Wageni wale walijua jambo ambalo sisi twalisahau mara kwa mara, kwamba utawala hauanzii kwenye hati wala kwenye mizinga. Huanza pale watu wachache wanapokutana kila jioni, wakajuana, wakaaminiana, wakawa na neno moja. Humo mlikuwa na chumba cha vitabu, na meza ya biliadi, na chakula, na ile roshani ielekeayo magharibi ambapo mtu hulitazama jua likizama baharini. Hayumkini kuwa watu wa ofisi moja na wa biashara moja wakae pamoja namna hiyo miaka zaidi ya sabini wasizungumze ila khabari za hewa.

Mwenyeji wa visiwa hivi, awe Mshirazi au Mwarabu, Mngazija au Mhindi, awe tajiri wa karafuu au mchukuzi wa bandarini, kwa miongo mingi hakuhesabiwa kuwa mtu wa kukaa katika viti vile. Aliyeingia aliingia kwa sinia mkononi.

Ama kusema kweli, tusijifanye malaika. Mji wetu wote ulikuwa umegawanyika kwa klabu na jumuiya za asili: Wagoa na yao, Wahindi na zao, Waarabu na yao, mwaka 1934 ikazaliwa Jumuiya ya Waafrika, na mwaka 1939 ile ya Washirazi. Kila mmoja alijenga ukuta wake, akaketi ndani yake, akamlaumu Mwingereza kwa ukuta wa Shangani. Maradhi yale tuliambukizwa, lakini hapana aliyetulazimisha kuyalea.

Basi uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Klabu ikafungwa. Jumba likawa hoteli ya Serikali, likapewa jina ambalo maana yake ni Nyumba ya Afrika. Jina zuri mno! Lau jina lingetosha, tusingeandika haya.

Sisi tuliozaliwa baada ya hapo tulilikuta limechakaa. Katika miaka ya 1990 tulipita chini yake tukitoka chuoni, juzuu kwapani, na juu rangi zikibanduka na wageni wakingojea magharibi kwa chupa za bia. Mwalimu wetu alitukataza kuinua macho kuelekea roshani ile. Basi jua tukalitazama kutoka pwani, bure, na wala halikupungua. Baadaye jumba lilikabidhiwa wafanyabiashara, likatengenezwa, likapendeza, na leo ni hoteli ya watalii. Hapana bawabu wa kumrudisha mtu kwa rangi ya ngozi yake. Lakini muuza duka la rejareja akiisoma karatasi ya bei, hurudi mwenyewe bila ya kusukumwa.

Hatusemi kuwa hoteli isifanye biashara. Sisi ni watu wa biashara, na mwenye kukarabati nyumba kwa mali yake ana haki ya kutaka faida. Tusemalo ni kuwa mwaka 1964 ilifungwa klabu ya wachache, na haikufunguliwa ya wengi mahali pake.

Klabu za wengi tulizonazo tulizifanya wenyewe. Ikhwani Safaa ipo tangu mwaka 1905, imeuona Usultani, Himaya, Uhuru na Mapinduzi, na taarabu yake ingali ikipigwa; Culture ipo tangu mwaka 1958. Na ziko barazani zetu za mawe, na pale Jaws Corner ambapo mtu kwa kikombe cha kahawa hupata khabari za dunia nzima, za kweli na za uwongo, na hapana anayemuuliza ataondoka saa ngapi. Chama chetu kinaijua thamani ya pembe ile kuliko sisi tuwezavyo kuandika.

Lakini tazameni Mji Mkongwe. Tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, nasi twajivunia. Walakini nyumba baada ya nyumba yageuka hoteli, na nyumba ikigeuka hoteli, baraza yake huwa mahali pa kuwekea masanduku ya wageni. Wazee huhama kimya kimya. Hapana tangazo la kufungwa klabu namna hiyo.

Kwa hivyo twawaomba Wawakilishi wetu: kila inapokodishwa nyumba ya umma, wadai mkataba usomwe hadharani, na pawemo sharti moja, kwamba kibakie chumba au baraza ambapo mwananchi atakaa bila ya kulazimishwa kununua kitu.

Tena lipo la haraka zaidi. Aliyekuwa mtumishi wa Klabu mwaka 1964 naye ana miaka 18, leo hapungui miaka 78. Kila tawi la mjini na la ng'ambo litafute wazee hao, limtume kijana mwenye khati nzuri, aandike walipokea mshahara gani, waliitwa kwa majina gani, na walipita mlango upi. Madaftari yaletwe ofisini kabla ya mwezi wa Ramadhani.