Kiongozi wa Elimu Hupimwa kwa Walimu Anaowaacha

Mwenyezi Mungu anatufahamisha katika Suratul Hujurat, aya ya 13, kuwa ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane. Kujuana huko kuna pande mbili: mgeni hufundisha, naye hufundishwa.

Hapa Saadani, bandari kongwe inayoelekeana na Unguja, wageni wa misaada ya elimu huja, hupiga picha na watoto, kisha huondoka.

Marehemu Dkt. Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait (1947–2013) alishika njia nyingine. Alisomea udaktari Baghdad, akaendelea Liverpool na Montreal. Angeweza kustarehe kwao. Badala yake, mwaka 1981 aliasisi Africa Muslims Agency, ambayo sasa huitwa Direct Aid, na umri wake mwingi akautumia barani Afrika. Mwaka 1998 taasisi hiyo ilifungua chuo cha ualimu Chukwani, Unguja, ambacho leo ni chuo kikuu chenye jina lake. Kisima hunywesha kijiji kimoja. Mwalimu hunywesha vizazi.

Hata hivyo, chuo hakijijazi chenyewe. Mzazi anayemwachisha bintiye shule ili aolewe, au anayempeleka mwanawe kwenye mashamba ya chumvi siku ya masomo, asimlaumu mfadhili.

Basi tuwaulize viongozi wa taasisi hizi: mkiondoka, nani wa hapa atafundisha? Kisha tujiulize sisi wenyewe: tumemtayarisha nani?

Wabillahi tawfiq.